Posa ya Chupa Mbili

Kwa Mwalimu Fanueli, mvinyo ulikuwa na makazi mawili tu duniani: kikombe cha altareni na koo la mlevi. Kati ya hapo na hapo hakupata kuona njia, wala hakuitafuta. Alikuwa ametunza sakristia ya kanisa lao tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Ndiye aliyemimina divai katika chupa yake ndogo kabla ya misa, ndiye aliyekunja vitambaa baada ya misa, na katika miaka yote hiyo hapana aliyethubutu kusema kwamba Mwalimu Fanueli amelamba hata kidole. Kwa hiyo siku binti yake Priska alipomwarifu kwamba kuna mtu anataka kuleta posa, na kwamba kazi ya mtu huyo ni kutengeneza mvinyo, mzee alitua chini kikombe chake cha chai, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Anatengeneza nini?”

“Mvinyo, baba. Mwekundu na mweupe. Anakamua zabibu za shamba la mama yake huko Dodoma, kisha anawauzia wenye hoteli, mpaka kwetu Pangani.”

“Mgema,” akasema mzee.

“Si mgema, baba.”

“Agemaye mnazi ni mgema, na akamuaye zabibu ni mgema. Mti ndio uliobadilika.”

Priska alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya ufukweni Pangani, mwanamke wa makamo aliyekwisha kuota mvi chache juu ya masikio, na majirani wa Chumbageni, mtaa wao wa Tanga mjini, walikuwa wamechoka kumuuliza habari za kuolewa. Wachumba walikuja enzi za ujana wake, akawakataa mmoja baada ya mwingine bila kutoa sababu. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amemkubali mtu, na aliketi mbele ya baba yake ameibana mikono katikati ya magoti kama mtahiniwa. Mzee aliiona mikono ile. Alijua kwamba akisema hapana, mtoto huyu hatabishana. Atainuka, ataosha vikombe, atarudi kazini kwake Pangani, na jina la mwanamume yeyote halitatamkwa tena ndani ya nyumba ile. Jambo hilo lilimwogofya.

Lakini alikuwa na hofu nyingine, kongwe kuliko hiyo. Kaka yake Yohana, seremala aliyechonga mabenchi ambayo waumini wanakalia hata leo, alizama katika boha, ile pombe ya miwa ya kwao Ubondei, mpaka randa ikamponyoka, na mwisho mkono wenyewe ukawa hautulii hata kwa kushika kijiko. Fanueli ndiye aliyemwosha maiti yake. Tangu siku ile hapana kileo kilichovuka kizingiti chake.

“Baba,” Priska akasema, “onja kwanza. Ukiisha kuonja, sema utakalo, nami nitalipokea.”

Mzee alikuwa amewafundisha watoto wa watu maisha yake yote kwamba hakimu asiyesikiliza si hakimu. Aliishiwa na pa kukimbilia.

“Aje Jumamosi,” akasema. “Aje na mshenga, kama watu.”

*

Mshenga alikuwa Uweso, karani mstaafu wa bandari, Mdigo wa Horohoro aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mzee na kumtania kwa muda mrefu kiasi kwamba utani wenyewe ulikuwa umekuwa aina ya heshima. Kutoka Maramba alikuwa amefika Mwamvua, dada yake Fanueli, na kikapu cha machungwa kichwani. Hao wawili walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mama mmoja alisali kanisani na mwingine msikitini, na marehemu mzee wao alikula Pasaka kwa huyu na Idi kwa yule bila ya kunung’unika hata mara moja.

“Mimi sionji,” Mwamvua alitangaza, akijitengenezea nafasi kwenye kochi. “Nimekuja kuwatazama wanaoonja. Senema zenyewe hapa Tanga zilikwisha kufungwa.”

“Na mimi je?” akasema Uweso. “Nimebebeshwa posa ya mtengeneza mvinyo niipeleke kwa mtunza divai, mimi niliyetoka msikitini sasa hivi. Nikiulizwa siku ya kiyama nitasema Wabondei ndio walionipoteza.”

“Mdigo hahitaji mtu wa kumpoteza. Hupotea mwenyewe, tena barabarani, mchana.”

“Umesikia, Mwalimu? Dada yako ananitukana, na mahari bado hatujaitaja.”

“Uweso,” akasema Mwalimu Fanueli, “kaa.”

Nyuma ya mshenga alisimama mchumba mwenyewe. Aliitwa Innocent, mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliinama, akatoa mikono yote miwili. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Mzee aliushika ule mkono, asiuachie upesi. Pembezoni mwa kucha palikuwa na weusi wa samawati, kama wa mwanafunzi aliyevunja kalamu ya wino. “Hiki nini?”

“Ni rangi ya maganda ya zabibu, mzee. Majira ya kukamua haitoki kwa sabuni. Nimesugua kwa ndimu tangu jana.”

Jibu hilo halikumchukiza mzee. Alipenda mtu aliyejaribu kuosha.

Uweso akaanza kumsifu kijana wake, ukoo wake, bidii yake, adabu yake, lakini mwenye nyumba akamkata. “Usimsifie mgema mbele yangu, bwana. Tembo lenyewe halijaonjwa.”

Basi Innocent akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, akapanga bilauri nyembamba alizokuja nazo zimeviringishwa kwa taulo, na kutoka katika kasha la barafu akatoa chupa mbili. Priska, ambaye mpaka hapo hakuwa ameinua macho, aliingia jikoni akarudi na kopo la bati, akalitua karibu na kiti cha mchumba. Mwamvua alidhani ni la kutilia maganda ya machungwa, akalitilia.

“Na mwekundu nao umeupoza?” aliuliza mzee. “Nilipata kusoma kwamba mwekundu haupozwi, hunywewa kwa joto la chumbani.”

“Waliosema hivyo vyumba vyao vina baridi, mzee. Chumba cha Tanga ni kingine. Ukiuacha mezani hapa unakuwa uji. Mweupe tunaupoza sana, mwekundu kidogo tu, kiasi cha maji ya mtungini.”

Akazibua mweupe kwa utaratibu, bila mlio. Akammiminia mzee kwanza, kama walivyomzoeza hotelini kuanza na mkubwa wa meza, kiasi cha kufunika kitako cha bilauri.

“Tuanze na macho, mzee. Kisha pua. Kinywa ni cha mwisho.”

Mwalimu Fanueli aliinua bilauri mbele ya kitambaa cheupe. Kinywaji kilikuwa na rangi ya maji ya ndimu yaliyochujwa mara mbili, na ukingoni kama kijani cha jani changa. Akaiinamisha, akaitikisa kama alivyoonyeshwa, akaileta puani. Alikuwa amejiandaa kukutana na ile harufu aliyoijua, harufu nzito ya zabibu kavu na ya mbao za kabati la sakristia. Haikuwapo.

“Ganda la balungi,” akasema kabla hajajizuia.

Uso wa Innocent ulichanua. “Na nini tena, mzee?”

“Usiniharakishe.” Akanusa tena, kwa ukali, kama anayesahihisha insha. “Mchaichai uliopondwa. Na kama… kama ua la mnazi lililofunguka asubuhi. Basi.”

“Mimi nimenusa hilo la balungi kutoka hapa nilipo,” akasema Mwamvua, “na mimi nimejitenga.”

“Wenzangu wa Dodoma husema ubuyu,” akaeleza Innocent. “Wageni husema matunda yao wenyewe, mengine sijapata kuyaona kwa macho. Kila mtu hunusa kwa pua ya kwao. Hakuna aliyekosea.”

Mzee alinywa. Ukali ulimshika pande zote mbili za ulimi, kama bungo lisiloiva sawasawa, kisha mate yakamjaa kinywani, na baada ya kumeza palibaki unyevu safi, kama wa jiwe lililonyeshewa. Alingoja utamu. Haukuja.

“Mbona hauna sukari? Divai yetu ni tamu.”

“Sukari yote imeliwa na chachu, mzee. Ile ya kanisani huachiwa sukari makusudi, wakati mwingine huongezwa nguvu kwa pombe kali, kwa sababu chupa hukaa muda mrefu ikiisha kufunguliwa. Ingekuwa kama hii ingekwisha kuwa siki.”

Mwalimu Fanueli aliona kuwa ni kweli. Alikuwa ameishika chupa ile Jumapili baada ya Jumapili asijue kwa nini haichachi. Moyoni mwake, mahali fulani palipokuwa pamefungwa, kikafunguka kidirisha. Alimtazama yule mtu mrefu wa kucha za samawati, akawazia kumwuliza habari za udongo wa kwao, na Priska, aliyemjua baba yake kama ajuavyo sala ya Bwana, akaanza kupumua.

Ndipo Innocent naye akanywa. Alichukua funda moja, akavuta hewa juu yake kwa mlio kama wa mtu anywaye mchuzi wa moto, mashavu yakacheza, macho akayafumba. Halafu, pasipo kufikiri, akainama pembeni na kuutema wote ndani ya kopo, juu ya maganda ya machungwa.

Mwamvua aliliachia chungwa alilokuwa akimenya.

“Ametema,” akasema Mwamvua taratibu. “Kaka, huyu ametema.”

Mzee alisimama. Katika Ubondei, aletaye kinywaji hukionja yeye kwanza, akameza mbele ya macho ya watu, ndipo akampa mwenziwe. Asiyefanya hivyo ana lake. Kule kumiminiwa kwanza mzee alikuwa amekusamehe, lakini kutema hapana. Na Fanueli alikuwa na sababu ya pili, iliyomuuma zaidi ya hiyo. Alipokuwa mtoto wa kuhudumu altareni, padri wa misheni aliwafundisha kwamba tone la divai likidondoka sakafuni, hupanguswa kwa kitambaa safi, kitambaa kikafuliwa, na maji yake yakamwagwa pasipokanyagwa na mtu. Kikombe husuzwa, na masuzo hunywewa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuzeeka katika sheria hiyo. Sasa mbele yake zabibu iliyooteshwa na Mungu ilikuwa inaelea pamoja na maganda.

“Kitu unachokitema wewe,” akasema, “umenipa mimi nikimeze?”

“Mzee, nisamehe.” Innocent alikuwa amekwisha kupiga magoti. “Nimekosa. Ni mazoea ya kazi. Kila asubuhi naonja pipa kwa pipa, nijue lililoiva na lililoharibika. Nikimeza, kabla ya saa nne nitakuwa silijui jina langu. Kinywa changu kimezoea hivyo. Nilisahau nilipo.”

“Uweso, wewe ulilijua jambo hili?”

“Wallahi sikulijua, Mwalimu. Mimi nimeleta maneno. Mate sikuyabeba mimi.”

Mwamvua alijiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Mzee hakucheka. “Kila mnywaji niliyepata kumjua,” akasema, “alikuwa na maelezo. Hapana hata mmoja aliyekosa maelezo. Bwana Innocent, inuka. Kusanya vyombo vyako. Posa hii…”

“Baba, usimalize.”

Hakuna aliyepata kumsikia Priska akimkatiza baba yake. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni ameshika fremu.

“Baba, unakumbuka nani alikuwa akitumwa kumrudisha baba mkubwa Yohana nyumbani?”

Mzee alikumbuka. Walimtuma Priska mwenyewe, akiwa bado na sare ya shule ya msingi, kwa kuwa Yohana akilewa aliweza kumpiga mtu mzima lakini mtoto hakumgusa.

“Alikuwa akiniegemea hapa,” Priska akasema, akagusa bega. “Nilikijua kila kishimo cha njia ile. Nilikuwa namwimbia ili asilale njiani. Wale wote niliowakataa, baba, niliwanusa kwanza. Wewe hukuniuliza sababu, nami nilikushukuru kimoyomoyo, kwa kuwa nilikuwa sitaki kumsema vibaya baba mkubwa. Alinichongea kitanda changu.” Akamtazama Innocent. “Huyu amekuwa akija hotelini muda mrefu. Wanaoleta bia huketi na wapishi mpaka waanze kugombana. Huyu hufungua chupa, huonja na meneja, hutema, huosha kopo lake mwenyewe, huaga. Siku ya kwanza nilipomwona ametema, nilikwenda stoo nikafunga mlango nikalia. Nilikuwa sijui, baba, kama yupo mtu anayeweza kuwa na pombe tayari kinywani, na akaiacha itoke.”

Nje, muuza mkate alipita akipuliza honi yake, akaenda zake. Mwamvua alikuwa anajifuta macho. “Yohana wetu,” akasema. “Laiti angejua kutema.”

Mwalimu Fanueli alirudi kitini pole pole, kama mtu asiyekiamini kiti. Hakumtazama binti yake, maana angemtazama asingeweza kusema.

“Inuka, bwana, magoti yako yatachafuka,” akamwambia Innocent. “Na huo mwekundu, mbona unauficha? Mimina. Safari hii tangulia wewe, umeze, kama wafanyavyo watu.”

Innocent akatangulia, akameza. Mzee akapokea.

Mwekundu ulikuwa jambo lingine. Rangi yake ilikuwa ya zambarau zilizopondwa, na ukiuelekeza dirishani ulifanya wekundu wa matofali pembezoni. Puani ulianza na matunda hayo hayo, kisha pilipili manga, kisha kitu ambacho mzee alikitafuta muda mrefu akakipata: ngozi ya mkoba wa zamani. Kinywani ulikamata ufizi kama chai iliyokolea. Alikunja uso. Alionja tena. Kule kukamata kulikuwa kumelainika, na nyuma yake palikuwa na joto.

“Sasa tema, Mwalimu,” akasema Uweso, “nawe uitwe fundi.”

Mzee alikubali kujaribu, kwa haki. Alichukua funda, akainama juu ya kopo, mashavu yamejaa, macho yametoka. Watu wakangoja. Akavuta pumzi kwa pua. Akafumba macho. Koo lake, lililofundishwa na misheni tangu utotoni, likameza.

“Amekula masuzo!” Uweso alipiga paja. “Jaribu tena!”

Alijaribu tena, akameza tena. Akasema kwamba pengine ni kwa sababu ya kulitazama kopo, akajaribu bila ya kulitazama, akameza. Mwamvua alikuwa amejilaza ubavu kwa kicheko, na Priska, ambaye machozi yake hayakuwa yamekauka, alicheka pia, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Ili kupata hakika juu ya ile pilipili manga, mzee akaomba nyongeza kidogo. Kisha ilibidi kuulinganisha na mweupe, maana hukumu isiyolinganisha ni nusu hukumu.

Jua lilipokuwa limehamia ukuta wa pili, Mwalimu Fanueli alikuwa amefungua kifungo cha juu cha shati. Alikuwa anasimulia habari za marehemu mkewe, jinsi alivyomwona mara ya kwanza kwenye njia ya Magila, msichana amebeba zambarau katika upindo wa gauni jipya la kanisani, na gauni limeingia madoa, na msichana halia wala haoni haya, anakula.

“Nilimkemea,” akasema mzee. “Nilikuwa mwalimu mpya, nilimkemea kila mtu. Akanipa zambarau moja. Mdomo wangu ukawa mweusi, nikaingia darasani hivyo, watoto wote wakacheka. Huu mvinyo wako una… upo vile vile. Upo kama ile zambarau.” Akaweka mkono juu ya bega la Innocent. “Mwanangu, umepata wapi…”

“Mwanangu!” Mwamvua aliruka kutoka kochini. “Mmemsikia! Amesema mwanangu!” Akapiga vigelegele vilivyotoka mpaka barabarani, na Uweso akainua mikono kumshukuru Mungu, na jirani mmoja akaitikia vigelegele asijue vya nini.

Lakini uso wa mzee ulibadilika. Aliutoa mkono wake begani, akakitafuta kile kifungo cha shati, akakifunga, mara ya kwanza akakosa tundu.

“Nyamazeni,” akasema. “Nyamaza, Mwamvua. Neno nililolisema nimelisema nikiwa nimekunywa. Neno la aliyekunywa si neno, ningewafundisha nini watoto wa watu? Mshenga, rudini kesho baada ya misa, nikiwa mkavu. Hapo nitajibu.”

“Mwalimu, si umekwisha…”

“Kesho, Uweso.”

Innocent aliosha kopo lake, akaaga. Priska alizikusanya bilauri. Mzee alisikia kutoka jikoni jinsi binti alivyokuwa akiziosha, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine.

*

“Umeamkaje, mgema?” Mwamvua alimwuliza asubuhi.

“Salama,” akajibu, ingawa kipaji cha uso kilikuwa kizito. Akavaa kanzu yake, akaenda kanisani mapema kuliko desturi.

Katika sakristia alimimina divai ndani ya chupa ndogo. Hakuinusa. Kila jambo na mahali pake. Ila wakati wa misa, padri alipokwisha kuwapa watu komunyo na kukigeuza kikombe kinywani mpaka tone la mwisho, Mwalimu Fanueli alijikuta anamwaza mtu mwingine, aliyeinama juu ya mapipa asubuhi na mapema, peke yake, pasipo mtu wa kumwona, akiacha itoke. Yohana hakuwa na mahali pa kutema. Kwake yeye kila mahali palikuwa pa kumeza. Mzee alipiga goti na kubaki chini muda mrefu kidogo kuliko wenzake, hata kijana mmoja akamgusa kiwiko akidhani magoti yamekataa.

Aliporudi nyumbani aliwakuta wameketi. Uweso alikuwa na kofia mpya. Innocent alikuwa na shati lile lile jeupe, limefuliwa, na ilionekana kwamba hakuwa amelala. Mwamvua alikuwa ameandaa wali wa nazi na changu wa kupaka, na ameapa kwamba hakiliwi kitu mpaka neno litoke. Priska alisimama kando ya kabati. Mzee aliwaamkia, akapokea shikamoo zao, akatundika kofia yake msumarini.

“Ule mwekundu ulibaki?” akauliza.

“Ulibaki, baba. Niliuziba.”

“Leta. Na bilauri moja.”

Priska akaleta chupa na bilauri. Na kwa mazoea ya hotelini, au kwa woga, akaleta na lile kopo la bati, akaliweka penye mguu wa Innocent. Mzee akaliona. Akainama, mgongo ukamlalamikia, akaliokota, akalipeleka jikoni mwenyewe. Walimsikia akilitundika mahali pake. Aliporudi alimimina mvinyo, si mwingi, akanywa yeye kwanza akiwa amesimama, akameza mbele ya macho ya watu wote, kisha akampa Innocent ile ile bilauri kwa mikono miwili.

“Kwenye mapipa yako utatema,” akasema, “na siku nitakayosikia kwamba umeacha kutema, nitapanda basi nikufuate huko huko Dodoma, uzee wangu usikudanganye. Lakini hapa hukuja kazini. Mezani kwangu mtoto wangu hatemi.”

Innocent aliishika bilauri. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo, na mzee, aliyeijua mitetemo ya mikono, aliona kwamba huu haukuwa ule wa Yohana. Akanywa. Akameza. Priska alikuwa amelishika kabati kama jana alivyoshika fremu ya mlango.

“Haya, fundi,” akasema Uweso. “Tupe sifa zake. Umenusa nini?”

Innocent alifungua kinywa. Jana alikuwa na maneno kwa kila tone. Alitazama bilauri tupu, akamtazama mzee, akamtazama Priska, akatikisa kichwa.

“Sijui,” akasema. “Sijui, baba. Ni mzuri.”

“Jibu halina maelezo ya kutosha,” akasema Mwalimu Fanueli, “lakini nitalipa alama zake.” Akamgeukia binti yake, akamwangalia sawasawa kwa mara ya kwanza tangu jana, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukumbatia watu, akamnyooshea ukosi wa gauni ambao haukuwa umepinda. “Mama yako angempenda,” akamwambia. “Angezicheka kucha zake, lakini angempenda.”

“Mpeni chakula huyo mtu,” akasema Mwamvua, akishika sinia, “kabla hajalia ndani ya wali wangu. Nimeupima chumvi tayari.”

Na baada ya kusema hivyo ndipo alipovipiga vigelegele, na safari hii kaka yake hakumnyamazisha.